Mgeni Amekuja, Mwenyeji Amepona? Barua ya Wazi kwa Baraza la Madiwani la Jiji la Arusha

Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, na ndugu Mkurugenzi wa Jiji,

Salamu kutoka Sombetini.

Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi cha majirani cha kuweka akiba na kukopeshana. Kila Jumapili jioni nafungua daftari, naita majina, naandika nani kaleta hisa, nani kaleta marejesho, nani katozwa faini kwa kuchelewa. Uchumi sikuusomea. Ila nimekaa na daftari hili tangu kabla ya korona, na siku hizi kila nikisikia kwamba Arusha imerudi kama zamani, nafunua kurasa za mwaka 2020 na kujiuliza: imerudi kwa nani, na tumepimaje?

Tarehe 15 Machi 2020 ilikuwa Jumapili. Ukurasa wa siku hiyo hauna cha kusimulia. Watu walileta hisa, wawili wakaomba mkopo, tukanywa chai tukaagana. Siku hiyo hiyo alishuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, msafiri aliyetokea Ubelgiji, na kesho yake ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania yuko hapa kwetu Arusha. Tarehe 17 shule zikafungwa. Jumapili ya tarehe 5 Aprili, mbele ya zaidi ya nusu ya majina yetu nilichora kistari. Ndege za kimataifa zilikuwa hazijasitishwa bado. Hilo lilikuja tarehe 12. Lakini safari zilishafutwa moja baada ya nyingine, na wenye magari walishawaambia madereva wakapumzike nyumbani, watapigiwa simu.

Ukisoma kazi za wanachama wetu, ni wawili tu ungesema wanafanya kazi ya utalii: dereva na mpishi wa kambi. Wengine ni dobi, mshona shanga, mama wa mboga, mwalimu wa chekechea binafsi, bodaboda, fundi cherehani, mwenye genge. Walianguka wote wiki moja, kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba moja. Mama wa mboga alikuwa akipeleka karoti na njegere hoteli moja mara tatu kwa wiki. Mwalimu alikuwa akilipwa kwa ada za watoto wa madereva. Fundi alikuwa akishona sare za wahudumu. Mei tulivunja sanduku, miezi saba kabla ya mgao, kila mtu akabeba chake akale.

Naomba mnivumilie, kwa sababu jambo ninaloliomba linatoka kwenye hadithi hiyo ya kamba moja. Naomba Jiji lipime kupona kwa watu wake. Lipime kwa makusudi, kata kwa kata katika kata zote 25, kisha matokeo yabandikwe mahali tunapoweza kuyasoma. Nitaeleza kwa nini vipimo tulivyozoea kuvisikia havitoshi.

Kipimo cha kwanza ni watalii. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867, pungufu ya karibu asilimia 59. Mwaka 2022 walifika 1,454,920, na mwaka 2024 wakawa 2,141,895. Kwa hesabu hiyo tumepona, na zaidi ya kupona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni kweli amekuja.

Lakini hiyo ni namba ya nchi nzima. Ndani yake wamo waliovuka mpaka kutoka Kenya na Burundi, wengine kwa shughuli zao ambazo hazina simba wala tembo. Wamo walioshuka Zanzibar, wakaota jua wiki moja, wakarudi kwao bila kujua Arusha iko upande gani. Hata yule anayekuja Serengeti, siku hizi anaweza kutua kwenye kiwanja kidogo cha ndege ndani ya hifadhi bila kulala hata usiku mmoja mjini. Na kiingilio chake getini hakiji kwenye mfuko wa Jiji. Mtu wa Ngarenaro anafikiwa na mgeni pale mgeni anapolala, anapokula, anapofuliwa nguo na anaponunua kikapu. Kwa hiyo kipimo cha mtalii kwa Arusha ni siku alizolala humu mjini na alichoacha hapa, na hilo nyumba za wageni wanalo kwenye vitabu vyao.

Kipimo cha pili ni mapato ya halmashauri. Hapa nitasimama kidogo, maana hesabu yake ndiyo inayotudanganya kwa upole zaidi.

Chukueni shilingi 10,000 ya mwaka 2019. Mfumuko wa bei rasmi tangu hapo umekuwa wa kiasi, kati ya asilimia 3 na 4 na kitu kila mwaka. Ukiupandisha wa mwaka mmoja juu ya mwenzake kwa miaka mitano, kitu cha 10,000 mwaka 2019 kinataka karibu 12,000 mwaka 2024. (Akina mama wanaonunua mafuta ya kula watawaambia hata hiyo ni hesabu ya mtu asiyeingia jikoni, lakini tuiache.) Sasa ongezeni watu. Sensa ya 2012 ilikuta Jiji lina watu 416,442. Sensa ya 2022 ikakuta 617,631. Hiyo ni kasi ya karibu asilimia 4 kwa mwaka, na ikiwa haijapungua, basi mwaka 2024 kulikuwa na watu wapatao sita pale walipokuwa watano mwaka 2019. Shilingi 12,000 ile ikiwahudumia watu sita badala ya watano, inabidi iwe karibu 14,500 ili kila mmoja apate sawa na alichopata kabla ya korona. Yaani mapato ya Jiji yakipanda kwa theluthi moja tangu 2019, tunaweza kupiga makofi ukumbini ilhali kila mkazi, kwa hesabu ya kichwa, ana pungufu. Sisemi ndivyo ilivyotokea. Nasema hesabu isipofanywa hivi hatuwezi kujua.

Halafu kuna kanuni kubadilika njiani. Mwaka 2019 mfanyabiashara mdogo alikuwa na kile kitambulisho cha shilingi 20,000 na yuko barabarani. Mwishoni mwa 2021 machinga walipangwa upya katika miji yote, wakaondolewa kando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Mwenye meza aliyekuwa akiuza kwenye njia ya miguu akahamishwa mahali ambapo mteja bado hajapazoea. Alipouza kidogo mwaka 2022, ilikuwa ni korona au ni kuhama? Kwenye ripoti vyote vitaonekana kitu kimoja. Nami sitaki korona isingiziwe yasiyo yake, maana ikisingiziwa kila kitu, na sisi tunasamehewa kila kitu.

Na mikopo ya asilimia 10, ile ambayo halmashauri hutenga kwenye mapato yake kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisitishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Sababu za kusitisha zilielezwa na sina ugomvi nazo. Vikundi hewa tunavijua, vingine tulikuwa tunapishana navyo kwenye foleni. Ila angalieni kalenda. Wageni walikuwa wamesharudi, kazi zimeanza kufunguka, na mtu aliyeuza cherehani yake mwaka 2020 alihitaji mtaji wa kununua nyingine. Mlango wa mkopo wa bei nafuu ulifungwa wakati huo hasa. Uliobaki wazi ni wa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya.

Hapo ndipo daftari langu linaponiambia kitu nisichokisikia popote. Wanachama wetu wengi wana kazi tena. Dereva anaendesha, mpishi yuko porini, dobi anafua. Ukimuuliza mtu wa takwimu atawaandika: mwenye kazi, mwenye kazi, mwenye kazi. Lakini hisa wanazoleta hazijarudi kama zilivyokuwa, kwa sababu kipato kilichorudi kina mwenyewe anayekisubiri mlangoni. Mpishi wetu aliuza kiwanja chake cha Muriet mwaka 2020 kwa bei ya kutupa, akapanga chumba, na leo bei ya kiwanja kama kile hawezi hata kuiuliza. Mshahara wake umerudi. Kiwanja hakijarudi. Mwingine alichukua kausha damu kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita, akachukua nyingine kulipa ile ya kwanza, na mlolongo huo bado haujakatika. Mwingine alimtoa mtoto shule ya binafsi akampeleka ya serikali, jambo ambalo si kosa wala aibu, isipokuwa darasa alilomwingiza lilishajaa wengine waliokuja kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo ninachoomba kipimwe kwanza ni kile kilichoondoka na kama kimerudi. Kipato kinarudi haraka; msimu mmoja mzuri wa Julai hadi Oktoba unatosha. Mali na madeni vina mwendo wao. Kaya iulizwe: kabla ya Machi 2020 ulikuwa na nini? Kiwanja, ng'ombe, pikipiki, cherehani, friji la biashara, akiba ya kikoba. Uliuza au kuweka rehani kipi? Umekinunua tena? Una deni lililoanza wakati ule ambalo bado unalilipa? Ni maswali mepesi ambayo mjumbe yeyote wa mtaa anaweza kuyauliza akiwa amesimama mlangoni.

Zipo pia takwimu ambazo hazihitaji hata kubisha hodi. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni mojawapo. Mtu wa kipato cha uhakika ananunua umeme mara moja kwa mwezi. Mtu anayeishi kwa siku ananunua wa shilingi 1,000, unakatika usiku, kesho anatafuta nyingine. TANESCO wakiombwa jumla ya kila mtaa bila majina wala namba za mita, tutaona ni mitaa ipi imerudi kununua kwa mwezi na ipi bado inanunua kwa siku. Tahadhari moja: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo hesabuni uniti na idadi ya manunuzi, msihesabu shilingi.

Shule nazo zina vitabu vya uhamisho. Fedha za mkopo wa IMF, ile trilioni 1.3 ya mwaka 2021, zilijenga madarasa 15,000 nchini, na hapa kwetu watoto wanayaita madarasa ya UVIKO bila kujua maana yake. Nayashukuru. Darasa ni rahisi kuhesabu, limesimama pale pale. Mtoto aliyetoka shule Machi 2020 na shule zilipofunguliwa Juni 29 hakuonekana ni mgumu kumhesabu, kwa sababu hayupo. Walimu wakuu wanayo majina. Wengine walikuwa wasichana waliopata mimba, na Novemba 2021 serikali iliwafungulia mlango wa kurudi. Wangapi wa Jiji hili walipita kwenye mlango huo? Orodha ya 2020 ikiwekwa kando ya orodha za miaka iliyofuata, jibu linapatikana kwa mchana mmoja wa kazi.

Kuna jambo naliandika kwa mkono mzito. Takwimu za taifa za ugonjwa zilisimama kwenye wagonjwa 509 mwanzoni mwa Mei 2020, na ukimya ulidumu zaidi ya mwaka. Sisi tuliokuwa mtaani tulizika. Mfuko wetu wa jamii, ule wa kusaidiana msiba, ulikauka Februari na Machi 2021 kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Sitaki kurudi kwenye mjadala wa nani alisema nini. Ila kaya iliyopoteza mtu aliyekuwa akiilisha haiwezi kuwekwa safu moja na kaya ambayo baba alikaa nyumbani miezi minane kisha akarudi kazini. Misikiti na makanisa wana vitabu vya mazishi, na watendaji wa mitaa wanakumbuka. Hesabu ya misiba ya 2018 na 2019 ikilinganishwa na ya 2020 na 2021, mwezi kwa mwezi, itawaonyesha ni mitaa gani ina wajane na yatima wengi kuliko kawaida yake. Haihitaji kuandika chanzo cha kifo cha mtu yeyote.

Nimesema mwezi kwa mwezi, na hilo lishikwe katika kila kipimo. Arusha ina misimu. Aprili na Mei mvua zinanyesha na mji unapoa hata mwaka wa neema. Ukilinganisha Agosti ya mwaka huu na Aprili ya mwaka jana, kila kitu kitaonekana kimeota mabawa. Tena msichukue mwaka 2019 peke yake kuwa ndiyo kawaida, maana ulikuwa mwaka mzuri mno. Wastani wa 2017 hadi 2019 ni wa haki zaidi.

Nani afanye kazi hii? Hatuhitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Chuo cha Uhasibu kiko Njiro, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii iko Tengeru. Wote wana wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanya mafunzo kwa vitendo, na wengi huishia kutumwa kudurufu karatasi. Wapeni mtaa mmoja mmoja, waambatane na wajumbe, waulize maswali kumi, yasizidi. Maafisa maendeleo ya jamii wa kata wawasimamie. Vikoba navyo vina madaftari, na tukihakikishiwa usiri tutatoa jumla zetu.

Usiri huo ndio kiini cha kazi yote. Mkimtuma kijana na fomu na kofia ya Jiji, kila mtu atajua amekuja kwa ajili ya ushuru. Mwenye ng'ombe watatu atasema hana, na asiye na deni atasema anadaiwa, akidhani kuna msaada unakuja. Nimeona haya kwa macho yangu: miaka hiyo ya korona ulipita uvumi kwamba kuna watu wanaandikisha kaya maskini, na kwa siku mbili mtaa wetu haukuwa na mtu hata mmoja mwenye televisheni. Kwa hiyo wananchi waambiwe mapema, kwenye mikutano ya mitaa, kwamba majibu hayaendi kwenye kodi wala hayaleti msaada wa mtu mmoja mmoja, na jina halitaandikwa. Ahadi hiyo mkiivunja mara moja tu, msituulize tena kitu.

Mtaniuliza kwa nini sasa, na janga lenyewe Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali yake ya dharura tangu Mei 2023. Ni kwa sababu ya Olmoti. Uwanja wa hapo wa AFCON 2027, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, umekuja na saruji yake, vibarua wake, na kodi za nyumba zinazopanda kuuzunguka. Ni jambo jema na nitakwenda kuangalia mpira kama nitapata tiketi. Lakini fedha ya ujenzi na fedha ya mashindano zitapandisha kila mstari kwenye kila mchoro wa ukumbini, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kutenganisha kilichopona na kilichopakwa rangi. Kama hatujui leo ni kaya ngapi bado zinalipa deni la 2020, mwaka 2028 hatutajua kama uwanja ule uliwafikia.

Na mkishapima, mkikuta kwamba tumepona, semeni hivyo kwa sauti, nami nitakuwa wa kwanza kufuta barua hii. Mkikuta kata fulani imepona na nyingine bado, mpeleke mikopo ya asilimia 10 kwa kufuata ramani hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, kabla ya kuangalia nani alifika ofisini mapema na muhuri wa kikundi. Bajeti ya kata iwe na ukurasa mmoja unaoonyesha namba hizo. Mmoja tu.

Sisi tunakutana Jumapili saa kumi jioni, nyuma ya duka la mwenye genge, penye mwembe. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo mgeni asiwe na wasiwasi. Mtumeni afisa mmoja aje na kalamu. Daftari la 2020 nitalitoa nje nimwonyeshe, jumla zote, majina nikiwa nimeyafunika kwa karatasi. Viti vipo, na chai itakuwepo.

Wasalaam,

Katibu wa kikoba, Kata ya Sombetini, Arusha